Tulishindwa Uwanjani, Nikashinda kwa Siri ya Rafiki

Bi Shukriya, shikamoo. Nakuandikia kutoka Ibra, nina miaka ishirini na mbili na niko mwaka wa mwisho chuoni, na ukurasa wako naujua kwa sababu mamangu huusoma kwa sauti kila Ijumaa baada ya chakula na sisi watoto hatuna budi kusikiliza, kwa hiyo nikikuandikia najua kwamba yeye ataisoma barua hii na huenda akanitambua, lakini nimefikiri sana na sikuona mtu mwengine wa kumwambia. Kiswahili changu ni cha nyumbani, nimekipata kwa bibi yangu wa Pemba, nikikosea unisamehe. Majina ya watu nimeyabadilisha.

Mimi ni nahodha wa timu ya mpira ya chuo chetu, nacheza beki wa kati. Kuna kombe la vyuo vya mikoa ya Sharqiyah na Dakhiliyah huku Oman, na mwaka huu tulifika fainali kwa mara ya kwanza, tucheze na chuo cha Sur, na mechi ikapangwa Nizwa ili asiwepo mwenyeji. Sasa katika timu ya Sur yumo mshambuliaji mmoja, nitamwita Hud, ambaye kwangu ni zaidi ya rafiki. Mamangu na mamake, Bi Tahani, walikuwa majirani Pemba walipokuwa wadogo, wakaja Oman mwaka mmoja, mmoja akaolewa Ibra na mwengine akaolewa Aija, ng'ambo ya daraja pale Sur, na sisi wawili tumekua kwa kupelekwa huku na huku kila likizo, mimi nimelala zaidi kwa Bi Tahani kuliko nilivyolala kwa ami zangu wote.

Mwezi wa pili Hud aliniambia siri. Baba yake alipata kiharusi, upande mmoja wa mwili ukalala, na baba yake ana duka la nyavu na vipuri vya mashine za boti kule Ashkhara, karibu saa mbili kwa gari kutoka kwao, na Hud ndiye mtoto wa kiume peke yake, basi ikawa yeye ndiye anayekwenda kufungua duka na kufunga. Masomo hayakuwezekana. Alikwenda ofisi ya usajili akaahirisha muhula kimyakimya. Nikamuuliza, mpira je?

Akasema, "Mpira nitacheza. Jina langu limo kwenye orodha ya timu tangu Septemba na hakuna aliyeuliza. Yakhe, kwa wiki nina saa mbili tu ambazo simwoni baba kitandani wala sisikii simu ya duka. Usimwambie mtu. Hata mama hajui kama nimeahirisha."

Nikamwambia, "Iko kwangu."

Na wallahi nilikaa nayo. Nilikaa nayo mwezi wa pili wote na wa tatu, na wiki ya fainali Ustadh Mahrous, ambaye ni msimamizi wetu wa michezo, alituita mazoezini akaniuliza mbele ya wenzangu kama kuna chochote ninachokijua kuhusu yule mshambuliaji wa Sur, maana watu walijua kuwa tunajuana, na mimi nikasema anapenda kugeukia mguu wa kushoto, msimpe nafasi ya kushoto. Hilo tu ndilo nililolisema.

Mechi ilichezwa Alhamisi baada ya Alasiri. Tulianza sisi kufunga, goli la penalti, na mpaka mapumziko tuko mbele, kipindi cha pili wakasawazisha, na katika dakika za nyongeza wakapata kona, na mtu wa kumkaba Hud nilikuwa mimi, si mwengine, nilimshika jezi kidogo nikamwachia kwa kuogopa refa, na katika kule kumwachia yeye akaruka na mimi nikabaki chini, akapiga kichwa, mbili kwa moja. Hatukuwahi hata kugusa mpira tena, filimbi ikalia.

Nilikaa kwenye majani nikalia, sioni haya kusema. Wenzake Hud walikuwa wanamtafuta wambebe lakini yeye alikuja akakaa chini pembeni yangu, akanipa chupa yake ya maji, akaniambia, "Nyanyuka twende tukampe mkono refa. Ukilia, lia nyumbani." Nikanyanyuka, nikampa mkono refa, nikawapa mkono wachezaji wote wa Sur mmoja mmoja, nikamkumbatia Hud, na mtu akatupiga picha. Picha ile ilienea kabla hatujatoka uwanjani. Watu wakaandika kwamba huyu ndiye nahodha, hivi ndivyo mtu anavyokubali kushindwa. Mamangu akaipeleka kwa Bi Tahani na Bi Tahani akampelekea moyo na dua.

Tukapanda basi kurudi Ibra. Tulisimama Izki kusali Maghrib, na baada ya sala tukachukua chai ya karak tukakaa nje. Mimi nilikuwa nimekaa na Ustadh Mahrous meza moja. Akasema, akijisemea tu, "Miaka yote wana kasoro wale, safari hii sioni hata pa kuwashika."

Na mimi nikamwambia, "Yule aliyefunga hajasajiliwa muhula huu."

Bi Shukriya, sikupanga. Lilitoka kama mtu anavyoomba sukari. Ustadh akaweka kikombe chini.

"Una hakika?"

"Kaniambia mwenyewe."

Hakuniuliza kwa nini sikusema kabla. Alisema, "Khalas. Usimwambie mtu kama ni wewe. Litatoka kwa jina la chuo." Jumapili asubuhi malalamiko yakapelekwa kwa kamati, wakaangalia daftari la usajili, Jumatano hukumu ikatoka: Sur wamenyang'anywa kombe, tumepewa sisi, na Hud amefungiwa misimu miwili. Bi Tahani alijua kwamba mwanawe ameahirisha masomo kwa kuisoma barua ya kamati iliyoletwa nyumbani kwao.

Mimi nilidhani nitafurahi hata kidogo. Jumatatu iliyofuata nilikuwa ofisi ya michezo, mara ikaingia pikapu ya baba yake Hud, inanuka papa mkavu, na Hud akashuka na kombe kalifunga kwenye taulo. Alisema chuo chao kilikuwa na dereva lakini yeye ameomba alete mwenyewe. Ilibidi nitie saini mimi kwa sababu ni nahodha. Nikatia saini, na yeye amesimama ananitazama.

Akasema, "Mabruk, hongera. Kosa langu mwenyewe, nisingecheza."

Nikasema, "Baba hajambo?"

"Ameanza kunyanyua mkono. Anakusalimu."

Akasimama tena kidogo, kama anayengoja, kisha akasema ana safari ya Ashkhara, akaondoka. Mpaka leo sijui kama anajua kuwa ni mimi.

Kipa wetu, Mohannad, amekataa medali. Ustadh alipomvisha aliivua akairudisha mezani, akasema, "Mimi nimeokota mpira wavuni mara mbili. Nani ananiambia nimeshinda?" Wengine wamezichukua lakini hakuna aliyepiga picha nayo. Na juzi Bi Tahani alimpigia simu mamangu, nami nipo naisikia, akamwambia, "Mwambie mwanao aje amkalie mwenziwe siku mbili. Hataki kurudi chuoni, anasema Septemba hajiandikishi tena, ataendelea na duka. Labda atamsikiliza yeye, wao ndio wanaoambiana." Mamangu akanigeukia akasema Ijumaa hii nenda, na mimi nikadanganya kwamba nina mtihani.

Alhamisi ijayo chuo kinafanya sherehe, wakubwa wanakuja, na mimi ndiye nitakayelinyanyua kombe na kusema maneno mawili matatu juu ya moyo wa kimichezo, kwa sababu ya ile picha. Ustadh Mahrous anasema nisijisumbue, kanuni ni kanuni, aliyeivunja ni Hud na mimi sikusema neno moja la uongo. Na nikikaa nikifikiri naona kweli, sikusema uongo. Basi kosa langu hasa ni lipi, Bi Shukriya? Na nimwambie Hud, au niache mambo yapoe, maana nikimwambia nitampoteza yeye na Bi Tahani na pengine na mamangu?

Mimi, Nahodha, Ibra.

*

Marahaba mwanangu. Jibu hili nakutumia kwanza kwenye simu yako kabla halijachapishwa, kwa sababu ukurasa wangu hautowahi sherehe yenu.

Nianze na la kukupoza. Kufungwa dakika ya mwisho, na mtu uliyekuwa ukimkaba wewe, kunauma, na machozi yako si aibu. Mimi nina ndugu watano wa kiume na sote tumelelewa Nizwa karibu na kiwanja cha mpira, nimeshawaona wanaume wenye ndevu wakikataa chakula siku tatu kwa ajili ya penalti. Hilo sikulaumu.

Wala sitakudanganya kuhusu Hud. Alikosa. Mchezaji ambaye hakusajiliwa hachezi, na kwa ajili ya saa zake mbili za kupumua amewapotezea wenziwe kombe walilolitolea jasho. Baba kuumwa ni sababu ya kumhurumia, lakini kanuni ameivunja na kamati haikumwonea. Naye amelisema kosa lake kwa mdomo wake, mbele yako, wala hakuulizwa. Kwa hiyo lake tumelimaliza. Tuje kwako.

Unaniuliza kosa lako ni lipi. Nami nakuuliza: kama mngeshinda moja bila, ungeikumbuka kanuni ile mpaka leo? Ungenyanyua kombe Nizwa, ungemkumbatia Hud, na usajili wake ungebaki siri yenu mpaka mkizeeka. Wiki ya fainali msimamizi wako alikuuliza waziwazi, mbele ya watu, unajua nini juu ya mtu huyu, ukamtajia mguu wa kushoto. Siku hiyo ulikuwa na njia mbili za heshima. Moja, umfuate Hud umwambie, yakhe, mimi ni nahodha, ama ujitoe ama nitasema. Angekasirika, lakini asingekulaumu kwa hila. Ya pili, unyamaze na uendelee kunyamaza, na mkifungwa mfungwe. Wewe ulichukua ya tatu: ulinyamaza ulipotaraji kushinda, ukasema uliposhindwa. Hapo ndipo lilipo kosa lako, na Ustadh Mahrous akuimbie kanuni mpaka asubuhi, halitoki.

Unasema hukusema uongo. Kweli, hukusema. Lakini uliambiwa neno kwa amana, na wewe ukalitoa kwa mtu ambaye si mwenyewe, kwa kitu ulichokuwa unakitaka. Tangu lini mwenye kuvunja amana akajitetea kwamba alichokitoa kilikuwa cha kweli?

Na ile picha wanayokusifia. Kumpa mkono aliyekushinda mbele ya uwanja mzima ni kazi ya dakika mbili, hata mwenye kinyongo anaiweza. Kushindwa vizuri kunaanza watu wakishaondoka, pale ulipokaa na kikombe cha chai na uchungu wako, na njia ya kuutua mzigo kwa mgongo wa mwengine iko mezani mbele yako. Picha ile ni ya kweli, siikatai. Ila ilipigwa saa kumi na moja na nusu, na wewe ulishindwa kweli ilipofika Maghrib.

Unasema hujui kama Hud anajua. Mwanangu, siri aliyoambiwa mtu mmoja haitafutiwi mtuhumiwa wa pili. Anajua tangu hukumu ilipotoka. Chuo chao kilikuwa na dereva, yeye akaacha duka, akaendesha gari mpaka Ibra, akasimama mbele yako. Unadhani alifuata saini? Alikupa mlango wa kusema, na wewe ukamuuliza hali ya baba yake. Na hata hivyo kwa mamake hajakutaja, maana angekutaja, Bi Tahani asingempigia mamako simu kuomba ukamfariji. Siri yako yeye bado kaishika.

Basi usiniambie mambo yapoe. Fanya hivi.

Leo hii, kabla hujala, mwambie mamako. Yote, na ule uongo wa mtihani pia. Atakasirika, mwache akasirike. Asije akaisoma Ijumaa moja mbele ya wadogo zako, akakujua katikati ya sentensi.

Jumamosi ondoka baada ya sala ya Alfajiri. Ibra mpaka Sur ni mwendo wa saa moja na nusu, utawakuta wanakunywa chai. Usimpigie simu kabla, simu itakupa nafasi ya kughairi. Mwambie Hud mwenyewe kwanza, faraghani, kisha Bi Tahani, na mbele ya mama usijifiche nyuma ya Hud. Sema: ni mimi niliyesema, nilisema Izki, nilisema kwa sababu nilishindwa. Usitaje kanuni. Neno "lakini" liache Ibra. Wala usimwombe akusamehe hapo hapo, maana hiyo ni kumtaka yeye akufanyie kazi siku ambayo wewe ndiye unayedaiwa. Akikufukuza, ondoka kwa adabu, urudi wiki nyengine.

Jumapili nenda kwa kamati na barua uliyoiandika kwa mkono wako, useme ulijua tangu mwezi wa pili kwamba timu ya wenzako ina mchezaji asiyesajiliwa na hukusema mpaka baada ya matokeo. Kombe wakilichukua, walichukue. Wenzako wa timu waambie wewe mwenyewe kabla hawajasikia kwa mtu, na kitambaa cha unahodha wawekee mezani, waamue wao. Wana haki ya kukuchukia muda. Kwenye sherehe ya Alhamisi, kama itakuwepo, hunyanyui kitu na huhutubii mtu juu ya moyo wa kimichezo.

Na Hud kukataa masomo si jambo la kumwachia mamake peke yake. Kama atakukubali ukae naye, kaeni mtazame ile fomu ya kurudi chuoni, na wewe ukimaliza mitihani yako uende Ashkhara ukamfungulie duka siku anazohitaji kukaa darasani. Toba ya kijana mwenye afya na mikono mizima isiishie kwenye maneno.

Neno la mwisho ni lako, Ustadh Mahrous, ukilisoma hili. Kijana wa miaka ishirini na mbili alikuletea siri ya mwenziwe akiwa na machozi ya mechi hayajakauka, na wewe uliyemzidi umri ukamfundisha kujificha nyuma ya jina la chuo. Kazi uliyopewa ni kulea wachezaji. Mtafute kijana huyo uzungumze naye kabla hajakutafuta yeye.

Bi Shukriya.

*

Mimi Bi Shukriya nimeulizwa na wenzangu waliosoma barua hii mezani kwangu mambo yaliishaje, nami nasema ninayoyajua. Kijana alikwenda Aija. Hud alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia, "Nilikuwa najua. Nenda sasa," akaingia ndani. Bi Tahani alilia, kisha akamlazimisha ale kabla ya kuondoka. Alirudi wiki ya pili na hakupokewa. Wiki ya tatu Hud alimpa funguo za duka la Ashkhara. Kamati, baada ya kusoma barua aliyoipeleka, imelirudisha kombe kabatini na mwaka huu haukuandikwa jina la chuo chochote, wenzake wamemchagua Mohannad kuwa nahodha, na baadhi yao hawamsemeshi mpaka leo. Ustadh Mahrous hajaniandikia. Hud amejiandikisha Septemba. Barua niliwatumia wote wawili, kijana na Hud, wiki iliyopita kuomba idhini ya kuichapisha, na Hud ndiye aliyejibu mwanzo: itoe kama ilivyo.